Jina la Fundi Liandikwe

 

Leo tuzungumze albamu za muziki. Tunajua wapo watakaocheka: mafundi cherehani na albamu za piano na jazi, wapi na wapi? Lakini sisi wanawake tunaoshona kwa riziki, mikono yetu ina kazi tangu asubuhi mpaka magharibi, masikio ndiyo yamekaa bure. Kwa hiyo tunasikiliza sana. Taarab asilia tumelelewa nayo. Jazi na muziki wa klasiki wa Ulaya tumeletewa na simu, na mabinti zetu wanaojifunza fidla na udi. Na katika kusikiliza kote huko kuna jambo moja linalotukera: hatujui nani anapiga.

Simu inatuonesha picha moja na jina moja. Kanuni inalia mpaka mtu anasimamisha cherehani, lakini ukiuliza aliyeipiga ni nani, hakuna jibu. Fidla zinaingia kwa pamoja kama mawimbi ya kusi, na hakuna hata mmoja wa wale wapigaji aliyetajwa. Jina ni la mwimbaji, au la kundi. Waliobaki wote ni "na wenzake".

Maoni yetu tunayasema wazi. Albamu isiyotaja majina ya wote walioipiga haijakamilika, hata iwe tamu vipi. Jina la mpigaji ni haki yake, si hisani ya mwenye studio. Na jina lisipoandikwa, wanaoumia zaidi ni wanawake.

Wapo dada zetu wanaoona bora kuuepuka muziki kabisa. Tunawaheshimu na hatubishani nao hapa. Hata wao tunaamini watakuwa pamoja nasi katika hili: aliyefanya kazi apewe haki yake, na mtu asivae sifa ya kazi ya mwenzake.

Albamu inayosema kila kitu

Tuanze na mfano mzuri. Mwaka 1959, Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani, alirikodi albamu iitwayo Kind of Blue katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30, New York. Kazi ilifanywa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Nyimbo ni tano, na hakuna anayeimba hata neno moja. Ni miongoni mwa albamu za jazi zilizouzwa sana duniani.

Geuza jalada la santuri ile, utawakuta wote saba. Miles Davis, tarumbeta. Cannonball Adderley na John Coltrane, saksafoni. Bill Evans na Wynton Kelly, piano. Paul Chambers, besi. Jimmy Cobb, ngoma. Na hawakuishia hapo. Kwa kuwa piano ilipigwa na watu wawili, ikaandikwa kuwa Kelly kapiga kwenye wimbo mmoja tu, Freddie Freeloader. Basi msichana anayejifunza piano leo, akisikia wimbo wa mwanzo anajua vidole vile ni vya Evans, na akifika wa pili anajua sasa ni Kelly. Anaweza kulinganisha. Anaweza kuchagua mwalimu wake, ingawa mwalimu mwenyewe alishakufa zamani.

Albamu ile nayo haikukosa kasoro. Nakala za mwanzo zilibadilishana majina ya nyimbo mbili za upande wa pili. Na mpaka leo watu wanabishana juu ya wimbo Blue in Green, ulioandikwa kuwa ni wa Davis ilhali Evans alisema ni wake. Lakini tazama: hata ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu Evans anajulikana kuwa alikuwepo chumbani siku ile. Asiyetajwa kabisa hana hata pa kuanzia kudai.

Herufi moja iliyomficha mwanamke

Sasa twende Ujerumani, miaka mia mbili nyuma. Fanny Mendelssohn alizaliwa Hamburg mwaka 1805. Alikuwa dada mkubwa wa Felix Mendelssohn, mtunzi ambaye jina lake analijua kila anayejua muziki wa klasiki. Wote wawili walifundishwa na walimu wale wale, na wote walikuwa na kipaji kikubwa. Lakini baba yao alimwandikia binti yake barua akiwa angali kigori, akamwambia kuwa muziki pengine utakuwa kazi kwa Felix, lakini kwake yeye utabaki kuwa pambo tu.

Fanny hakuacha kutunga. Aliacha kazi zaidi ya 400. Nyimbo zake sita zilichapishwa ndani ya vitabu vya nyimbo vya kaka... hapana, vya mdogo wake, kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Felix alialikwa kwa Malkia Victoria wa Uingereza, na malkia akachagua kumwimbia wimbo mmoja katika vitabu vile uliokuwa ukimpendeza, uitwao Italien. Felix ikambidi aseme ukweli: huu ni wa dada yangu.

Kisa kilichotufanya tuandike makala hii ni cha karibu zaidi. Mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, Fanny alitunga sonata ya piano aliyoiita Sonata ya Pasaka. Karatasi zake zikapotea. Zilionekana tena Ufaransa mwaka 1970, zikiwa zimeandikwa "F. Mendelssohn". Watu wakasema, F. ni Felix, nani mwengine? Mwaka 1972 mpiga piano Eric Heidsieck akairikodi, santuri ikatoka kwa jina la Felix. Kazi ilikuwa na mpigaji hodari, kampuni, jalada, kila kitu, isipokuwa mwenyewe.

Ilichukua karibu miaka arubaini kurekebisha. Mwaka 2010 mtafiti wa Kimarekani, Angela Mace, aliuchunguza mwandiko na namba za kurasa, akathibitisha kuwa karatasi zile ni za Fanny. Tarehe 8 Machi 2017, Siku ya Wanawake Duniani, mpiga piano Sofya Gulyak aliipiga London kwa jina la mwenyewe aliyeitunga. Fanny alikuwa ameshakufa tangu mwaka 1847, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kuchapisha kazi zake kwa jina lake.

Herufi moja, wapenzi. Pale mahali palipokuwa na uwezekano wa mwanamume na mwanamke, dunia haikusita, ilimchagua mwanamume. Ndiyo maana tunasema jina liandikwe zima, lisiachwe kwa kukisia.

Lil, mpiga piano na mshonaji

Katika jazi kuna mwanamke ambaye sisi mafundi tumempenda kwa sababu mbili. Anaitwa Lil Hardin Armstrong. Alizaliwa Memphis mwaka 1898, na Chicago akawa mpiga piano katika bendi ya King Oliver. Humo ndimo alimokutana na kijana wa tarumbeta, Louis Armstrong, wakaoana mwaka 1924. Ni Lil aliyemshikilia mumewe aache kujificha nyuma ya King Oliver, atoke apige kwa jina lake.

Tarehe 12 Novemba 1925, Louis aliingia studio Chicago na kundi la watu watano walioitwa Hot Five. Santuri zilizotoka katika kundi lile mpaka leo hufundishwa vyuoni kama msingi wa jazi. Piano ilikuwa ya Lil. Na si kupiga tu, alitunga pia. Wimbo Struttin' with Some Barbecue wa mwaka 1927 leo huandikwa kuwa ni wake. Lakini ukitaja Hot Five kwa watu kumi, tisa watakutajia tarumbeta, na pengine hakuna atakayekutajia piano.

Sababu ya pili ni hii. Walishaachana na Louis zamani, Lil alipoamua kujifunza kushona. Akachukua kozi ya ushonaji, na kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa suti rasmi ya kiume aliyomshonea Louis. Baadaye akarudi kwenye piano. Louis alifariki Julai 1971. Mwezi wa pili yake, tarehe 27 Agosti, Lil alikuwa akipiga piano katika tamasha la kumkumbuka Louis huko Chicago, akaanguka pale pale kwenye piano na kufa.

Mwanamke aliyeshona akapiga piano, akatunga, akamsukuma mume mpaka dunia ikamjua. Tungemjuaje kama orodha ya wapigaji wa Hot Five isingehifadhiwa? Angebaki kuwa "mke wa Louis". Ni wangapi kwetu wamebaki kuwa "mke wa fulani"?

Jina lililobandikwa juu ya kazi ya watu

Kuficha jina la mtu ni dhulma. Kuna dhulma ya pili, ndugu yake: kubandika jina lako juu ya kazi ya mwengine. Kisa chake kikubwa kilitokea Uingereza, si zamani.

Joyce Hatto alikuwa mpiga piano, aliyezaliwa mwaka 1928. Aliugua saratani, akaacha kupiga hadharani tangu miaka ya 1970. Halafu, katika miaka yake ya mwisho, mumewe, William Barrington-Coupe, aliyekuwa na kampuni yake ndogo ya muziki, akaanza kutoa sidii moja baada ya nyengine kwa jina la mkewe. Zaidi ya mia moja. Waandishi wa muziki wakashangaa na kusifu: mama mzee, mgonjwa, anapiga kila kitu, na kila kitu kwa ustadi! Hatto alifariki mwaka 2006, sifa zikazidi.

Februari 2007 siri ikavuja kwa njia ya ajabu. Msikilizaji mmoja alitia sidii ya Hatto ndani ya kompyuta. Programu ya muziki hutambua sidii kwa urefu wa nyimbo zake, na ilipoipima ile ikaleta jina jengine kabisa: László Simon, mpiga piano wa Hungaria. Wataalamu wakalinganisha sauti kwa vipimo, wakakuta ni kurikodi kule kule. Wakaendelea kuchunguza, na nyengine nazo zikawa za watu wengine. Kazi za Rachmaninov za piano na okestra zilikuwa za Yefim Bronfman. Hata kiongozi wa okestra aliyeandikwa kwenye sidii za Hatto, aliyeitwa René Köhler, hakuwepo duniani. Mume akakiri. Alisema alianza kwa kuziba sehemu ambazo mkewe alisikika akigumia kwa maumivu, na kwamba mkewe hakujua.

Tumewasikia wanawake wenzetu wakimhurumia: jamani, alimpenda mkewe, alitaka afe na heshima. Huruma tunayo. Lakini mapenzi hayahalalishi mali ya watu. László Simon alikaa miaka na kidole chake, Bronfman vilevile, na sifa zao zikaenda nyumba nyengine. Na Hatto mwenyewe aliumia, maana alikuwa kweli mpiga piano, na sasa jina lake likitajwa watu wanakumbuka wizi tu. Aliyedhaniwa kutunzwa heshima ndiye aliyeivuliwa.

Sisi mafundi hili tunalijua kwa mwili. Kuna duka moja lililokuwa likichukua magauni kwetu kwa bei ya jumla. Lebo yetu ilikuwa ikifumuliwa kwa wembe na kushonwa yao. Mteja akisifu gauni, sifa na oda inayofuata vinakwenda dukani. Pesa ya gauni lile tulilipwa, hatukudhulumiwa shilingi. Tulichodhulumiwa ni magauni ishirini yaliyokuwa yafuate. Hiyo ndiyo thamani ya jina: si ya kazi iliyokwisha, ni ya kazi inayokuja.

Tukirudi kwetu

Kisiwa hichi kina historia kubwa ya kurikodi, na mwanzo wake ni mwanamke. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, mwaka 1928 alisafiri na kundi lake mpaka Bombay kurikodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu, na dakika tatu hizo zilimfikisha pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Tunamjua kwa santuri zake, na tunamjua kwa sababu Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Mtu aliandika. Bila ya kuandikwa, hata Siti angekuwa hadithi ya bibi mmoja tu.

Baada yake tuna vyama vikongwe. Ikhwani Safaa ya mwaka 1905. Culture Musical Club ya mwaka 1958. Tuna vyama vya wanawake vilivyotikisa mji enzi za bibi zetu, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari. Majina ya vyama tunayo. Majina ya wanawake wenyewe, nani aliimba mstari wa mwanzo, nani alishika dumbak, nani alitunga fumbo lile lililomtoa jasho mpinzani, yanazikwa pamoja na bibi zetu mmoja mmoja kila mwaka.

Na leo wapigaji wanawake wamezidi, alhamdulillah. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kimefunguliwa mwaka 2002 na wasichana wengi wamepita humo. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari wa siku nyingi, alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, ambao hawaimbi tu bali wanashika udi, kanuni na fidla wenyewe. Hili si jambo dogo katika mji ambao mwanamke alizoeleka kusimama mbele na kipaza sauti, na vyombo nyuma yake vikawa vya wanaume.

Sasa hebu tuulizane. Wasichana hawa wakirikodi, jina la mpiga fidla litaandikwa wapi? Wimbo unapandishwa mtandaoni kwa picha ya mwimbaji na namba ya simu ya studio. Baada ya miaka ishirini, mjukuu wake atathibitisha vipi kuwa bibi yake alipiga?

Na jambo hili lina pesa ndani yake. Uingereza kuna shirika liitwalo PPL, lililoanzishwa mwaka 1934. Hukusanya ada kwa redio na kumbi zinazopiga muziki uliorikodiwa, kisha huwagawia wenye kurikodi na wapigaji, hata yule aliyekodiwa kupiga fidla siku moja tu, maadamu yumo katika orodha ya waliopiga. Aliyekosekana kwenye orodha hana pa kuanzia. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chetu, COSOZA. Sheria ikiwepo na orodha haipo, mirabaha itamfikia nani? Hata mwenye nia njema hawezi kumlipa "na wenzake".

Majibu yetu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema, kundi ni moja, kumtaja mmoja mmoja ni kuleta majivuno na kuvunja umoja. Sisi tunaona kinyume. Kundi linavunjika pale mmoja anapotajwa na ishirini wakanyamaziwa. Wale saba wa Kind of Blue walitajwa wote, na hakuna aliyemfunika Davis.

Wapo wanaosema, jina halijazi chungu. Wamsikilize fundi yeyote wa nguo. Bibi harusi akiingia ukumbini, swali la mwanzo la wanawake ni "kashonewa na nani?" Jibu la swali lile ndilo ada ya skuli ya watoto wetu. Mpiga kanuni naye ataitwa vipi kwenye harusi ya Pemba au tamasha la Mombasa kama hakuna ajuaye anaitwa nani?

Na wapo wanaotugusa zaidi, dada zetu wapigaji wanaosema: mimi sitaki jina langu liandikwe, nina mume, nina wakwe, najisitiri. Hapa tunasema pole pole, kwa sababu sitara ni jambo zito na ni lake mwenyewe. Hakuna wa kumlazimisha. Lakini kuchagua kujisitiri ni tofauti na kufutwa bila ya kuulizwa. Dada, chagua jina la sanaa ulitakalo. Lakini ndani ya daftari la kundi na katika mkataba, jina lako la kweli, chombo ulichopiga na tarehe viandikwe na visainiwe. Kwa watu uwe umejisitiri, kwenye haki yako usijifiche.

Tufanye nini

Viongozi wa vikundi, wekeni daftari moja tu la kurikodi. Kila siku ya studio: tarehe, mahali, jina la wimbo, mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, na kila mpigaji na chombo chake. Ni ukurasa mmoja. Sisi tunaandika vipimo vya kila mteja, bega, kifua, kiuno, urefu, kwa gauni litakalovaliwa usiku mmoja. Wimbo utakaosikilizwa miaka hamsini haustahiki ukurasa?

Wenye studio, mnapopandisha wimbo kuna mahali pa maelezo chini yake. Msijaze matangazo tu. Andikeni majina kwanza, mazima, si kwa herufi.

Wenye harusi, mnapokodi kundi na kurikodi shughuli, ombeni orodha ya wapigaji na muiweke mwanzo wa video pamoja na majina ya bwana na bibi harusi. Na mnapoinuka kutunza, siku moja pitilizeni mwimbaji, mkamtunze mpiga fidla.

Wasikilizaji, ulizeni. Mteja akiuliza sana, muuzaji hujifunza. Ukipenda albamu, itafute yenye maelezo yake. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa ulikuja na vijitabu vya maelezo, na ndani yake imo albamu Chungu ya Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara. Hapo mpiga kanuni ndiye aliyewekwa mbele, jina lake juu ya jalada. Inawezekana, kumbe.

Na nyinyi wenye mabibi walio hai waliokuwa katika vyama vya zamani, msingoje. Nendeni na simu, muwaulize nani alikuwa akipiga nini, nani alitunga lipi, mwaka gani. Wapigieni nyimbo za zamani na muwaache wataje majina. Waliotangulia tunawaombea rehema, na kumtaja mtu kwa kazi yake njema ni sehemu ya kumkumbuka.

Kama una orodha kama hiyo nyumbani, au unamjua mwanamke aliyepiga katika wimbo tunaoupenda sote na hakutajwa, tuandikie hapo chini, kwa idhini yake au ya familia yake. Tutaanza na majina hayo.